Nyembe Nzuri za Jogoo Road

Siku mliponiaga, keki yangu mliikata kwa kisu cha plastiki. Mlikuwa watu kumi na mmoja, wote mmesomea kukata nyama ya binadamu nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, na hakuna aliyeona aibu keki ilipobomoka. Nikala makombo yangu, nikashukuru. Kisha Atieno akaniomba niandike kidogo juu ya kazi, peji tatu tu, kwa ajili ya watakaoajiriwa. Miaka thelathini na minne kwenye kiti kimoja, peji tatu. Haya, nitajibana, ingawa siahidi.

Habari za vyeo hamtazipata hapa. Waliopandishwa haraka wana muda mwingi wa kuhadithia, waulizeni wao. Nitaandika juu ya nyembe, kwa sababu ndicho kitu mnachokidharau kuliko vyote. Mnajua majina ya rangi zote za kutia kwenye slaidi, mnajua kompyuta, lakini nikimuuliza mmoja wenu kwa nini amechukua wembe huu akaacha ule, ananijibu kwamba ndio uliokuwa karibu.

Najua pia kwamba haya mtawasomea watu wenu nyumbani, ambao mpaka leo wanadhani kazi yetu ni kupima mkojo. Waambieni hivi. Mtu akiwa na uvimbe, daktari hutoa kipande kidogo na kukileta kwetu ndani ya chupa ya dawa. Sisi tunakitoa maji, tunakizamisha kwenye nta ya moto, na nta ikipoa tunabaki na kibonge kigumu tunachokiita bloku. Bloku inafungwa kwenye maikrotomu, mashine yenye gurudumu la kuzungusha kwa mkono. Kila mzunguko bloku inashuka kwenye wembe na kuacha utando mmoja, na tando zikishikana zinakuwa utepe. Utepe unawekwa uelee kwenye beseni la maji vuguvugu, unaokotwa kwa slaidi ya kioo, unatiwa rangi, na hapo ndipo Daktari anautazama kwa hadubini na kusema kama ni saratani au si saratani. Wembe ukiwa mbaya, Daktari anatazama matambara. Hiyo ndiyo kazi yote, na haihusiani na mkojo.

Asubuhi yangu ya kwanza nilifika mapema mno. Nikakaa kwenye benchi la nje ya maabara, kando ya Jogoo Road, nikitazama watu wakipita kwenda mahakamani Makadara, wamevaa makoti ya kuazima. Mimi nilikuwa na viatu vya kuazima, kwa hiyo sikucheka. Nilikuwa na diploma mbichi kwenye bahasha, nikiwa tayari kumwonyesha yeyote atakayeuliza. Hakuna aliyeuliza. Mzee Musyoka, aliyekuwa mkuu wa chumba cha kukatia, hakunisalimu wala hakuitazama bahasha. Alinishika mkono, akavitazama vidole vyangu kimoja kimoja, akasema vitakatika. Vilikatika wiki hiyohiyo, viwili.

Msidhani nitamsifu. Mzee Musyoka alikuwa mtu mgumu, mwenye choyo na kinyongo, na hakuwahi kunifundisha jambo kwa kulisema. Alikuwa Mkamba wa Wamunyu, mtoto wa mchongaji, na aliamini kwamba mtu ambaye baba yake hakunoa tezo hawezi kunoa chochote. Baba yangu alikuwa karani Murang'a. Alinoa penseli.

Enzi hizo hakukuwa na nyembe za kutupa. Tulikuwa na visu vya chuma, vizito, urefu wa kiganja na zaidi, na kila asubuhi ilianza kwa kunoa. Kwanza kwenye kinoo, kisha kwenye mkanda wa ngozi. Kwenye kinoo makali ndiyo yanayotangulia. Kwenye ngozi unageuza, mgongo ndio unaotangulia na makali yanafuata nyuma. Nilijua hayo kwa kuyasoma. Wiki yangu ya pili nikatanguliza makali kwenye ngozi, nikaupasua mkanda wa Mzee Musyoka katikati. Hakunigombeza. Alikaa siku nne bila kunisemesha, akipitisha ujumbe kwa mfagiaji, na siku ya tano akaniletea mkanda mpya akaniambia sasa nimeshajua.

Kitu kimoja alichosema kwa mdomo wake, na alikisema mara nyingi, ni kwamba kisu cha mtu ni kama mswaki wake. Kila fundi alikuwa na kisu chake peke yake. Alikinoa mwenyewe, alikijua kilipochoka, na hakuna aliyethubutu kukigusa. Cha Mzee kilikaa kwenye sanduku la mti wa muhugu alilochonga baba yake, na sanduku lilikaa kwenye kabati lenye kufuli. Na desturi hiyo ilikuwa na maana. Kila mkono una mwinamo wake wa kunoa, na ukimwachia mtu mwingine kisu chako anakirudisha kikiwa kimeharibika, na utahangaika nacho siku mbili. Nikapata kisu changu, nami nikanunua kufuli. Nililipenda lile kufuli kuliko diploma.

Kisha nyembe za kutupa zikaja, nyepesi, zimepangwa kwenye vijisanduku kama peremende, na kinoo kikahamishiwa stoo. Mzee Musyoka alizishika kwa ncha za vidole akauliza ni za kunyolea nani. Alistaafu mwaka uliofuata. Kisu chake alikibeba kwenda nacho Wamunyu, sijui akakatie nini huko, labda mihogo.

Sasa nisikilizeni kuhusu nyembe zenyewe, maana hili ndilo hamtaki kulisikia. Kuna wembe mfupi mwembamba na kuna wembe mpana mnene. Mwembamba ni wa nyama laini na vipande vidogo, vile vijinyuzi vinavyotolewa kwa sindano kwenye titi au ini. Unapita bila kusukuma. Mpana ni wa vitu vigumu, kovu lililovimba, uvimbe wa mfuko wa uzazi, mfupa uliolainishwa kwa asidi. Ukiuingiza mwembamba kwenye vitu hivyo unatetemeka, na utepe unatoka na mawimbi, nene, nyembamba, nene, nyembamba. Nimemwona mtu mwenye digrii akikata ukucha wa mguu kwa wembe mwembamba, kisha akailaumu mashine. Mashine haikusoma naye.

Na hata ukichagua sawasawa, wembe una sehemu zake. Bloku mpya haina sura, lazima uipunguze kwanza mpaka nyama itokee yote. Kazi hiyo ya kupunguza ifanyie upande wa kushoto wa wembe, au tumia wembe wa jana. Kisha sogeza wembe pembeni, ukate kwa makali ambayo hayajaguswa. Mkiona mstari umesimama kutoka juu hadi chini ya utepe, kuna pengo kwenye makali. Msizungushe gurudumu mkisali mstari uondoke. Sogezeni wembe. Maombi yana mahali pake, na huko kuna viti vya kutosha.

Niliyaishi hayo miaka mingi bila shida kubwa, mpaka tulipoletewa meneja mpya, Bwana Ndirangu. Alikuwa mtu wa suti na tabasamu, na hakuna siku aliyowahi kuingia chumba cha kukatia bila kuuliza kama harufu ile ina madhara. Mwaka wake wa kwanza akaja na muuzaji wa nyembe. Muuzaji alitukusanya, akatugawia kalenda, akakunja shati, akanyoa nywele za mkono wake mbele yetu kwa wembe wake mpya. Bwana Ndirangu akapiga makofi. Mimi nikasema kwamba sikuajiriwa kinyozini, nikaomba akate bloku moja, yoyote aliyotaka. Akatazama saa, akasema ana mkutano mjini. Wiki mbili baadaye stoo ilijaa nyembe zake.

Bloku tatu, na makali yamekwisha. Niliuweka wembe mmoja mpya kabisa chini ya hadubini nikamwita Bwana Ndirangu atazame. Makali yalikuwa na mapengo kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Akatazama kwa jicho ambalo nadhani alikuwa amelifumba, akasema tuvumiliane mpaka shehena iishe. Nikaandika barua. Akaijibu kwa barua. Ya kwake ilikuwa na neno "uvumilivu" mara tatu.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo kwa muda mrefu nilijisifu kwalo. Vijisanduku vitatu vya nyembe nzuri vilikuwa vimebaki. Nilivitoa stoo kabla havijasahaulika huko, nikavitia kwenye droo ya meza yangu, nikafunga, na ufunguo nikauunganisha na wa nyumba yangu ya mtaa wa Tena. Nikawatangazia kwamba nyembe hizo ni za kazi ngumu tu, na kwamba mimi ndiye nitakayesema ipi ni ngumu.

Nitasema ukweli, nilifurahia. Watu wazima wenye vyeti walinijia wakinong'ona, "Madam, nisaidie mmoja," na mimi niliwauliza maswali kama hakimu. Bloku ya nani, umeipoza kwenye barafu dakika ngapi, umejaribu kusogeza wembe? Nusu yao niliwarudisha mikono mitupu, na jioni nilikwenda nyumbani nimeridhika kwamba nimelinda kazi. Bwana Ndirangu alijua na hakusema kitu, kwa sababu droo yangu ilimwondolea malalamiko.

Atieno alikuwa na mwaka mmoja kwetu wakati huo. Kwa wale mliokuja baadaye na mnamjua kama mkuu wenu, alikuwa msichana wa mtaa wa Umoja, mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Aliniita Madam kwa sauti ambayo ilinifanya nishuku kwamba nyuma yangu ana jina jingine. Nilimnyima wembe mara nyingi kuliko wote. Nilidhani namfundisha.

Alhamisi moja niliondoka mapema kwenda Murang'a. Mpwa wangu alikuwa analetewa mahari Ijumaa, na sisi wa upande wa mama tulitakiwa kufika usiku wa kuamkia ili tuanze kupika. Nilifunga droo, nikavuta mpini kuhakikisha, nikaenda.

Ijumaa asubuhi ikaja bloku ya mama mmoja wa Majengo, kule Pumwani. Nitamwita Mama Mwanaidi. Alikuwa na uvimbe mdogo kwenye titi la kushoto, na alikuwa amekwepa hospitali karibu mwaka mzima, mpaka binti yake akamshika mkono kumpeleka. Walimchoma sindano wakatoa nyuzi nne za nyama, kila mmoja mwembamba kuliko tambi. Slaidi ya kwanza ilikatwa kwa nyembe za Bwana Ndirangu. Daktari Mwende, anayesoma slaidi zetu, aliona kitu pembeni mwa uzi mmoja, lakini mstari wa wembe ulikuwa umepita palepale na kuiparua nyama. Kilichobaki kingeweza kuwa saratani, kingeweza kuwa uvimbe wa kawaida uliochanwa. Akaiandikia bloku ikatwe tena, ndani zaidi, siku hiyohiyo. Ikamwangukia Atieno.

Akakata, mstari. Akasogeza wembe, mstari. Akatoa wembe akaweka mwingine, akapata mistari miwili. Na nyinyi mnajua, au mnapaswa kujua, kwamba kila unapobadilisha wembe bloku haikai tena pale ilipokuwa. Lazima uisawazishe upya, na kusawazisha ni kukata, na kukata ni kula nyama. Bloku ya mfuko wa uzazi inaweza kuvumilia mchezo huo siku nzima. Nyuzi nne za sindano haziwezi. Alibadilisha wembe mara tano akitafuta utepe mmoja safi. Mara ya tano utepe ulitoka safi kabisa, bila mstari wowote, kwa sababu ilikuwa nta tupu.

Jumatatu nilimkuta amesimama kando ya mashine kabla sijavua sweta. Daktari alikuwa ameshaandika kwamba sampuli haitoshi kutoa jibu. Nilimaliza kusoma karatasi, nikaanza. Nilimwambia kwamba hata mfagiaji angejua kusimama baada ya wembe wa pili. Nilimwambia mengine pia, mbele ya watu, na sitayarudia hapa kwa kuwa waliosikia bado wapo kazini. Aliniacha nikamaliza.

"Madam," akasema, "zile nyembe poa ziko kwa droo yako. Kila mtu huku anajua. Nilikupigia simu mara sita."

Simu yangu ilikuwa kwenye mkoba, na mkoba ulikuwa ndani ya gari la shemeji, kwa sababu sikutaka kusumbuliwa nikipika. Nilimwambia kwamba mtu mwenye akili angevunja droo.

"Ningevunja droo yako, ungeniacha nikae kazini?"

Wote walijua ningemwandikia barua kabla ya saa nne, na ningeiandika vizuri.

Sasa ikabidi Mama Mwanaidi achomwe sindano tena. Muuguzi wa kliniki alimpigia simu, akakataa. Akapigiwa tena na daktari aliyemtibu, akakataa kwa adabu. Alisema nyama yake si ya kuchezewa, na kwamba kama ile ya kwanza ilipotea, hata ya pili itapotea. Wiki zikapita. Uvimbe ulikuwa palepale na hakuna aliyejua ni nini. Mwishowe binti yake alikuja kliniki akasema mama amekubali kufikiria, lakini hatarudi mpaka amwone kwa macho yake mtu aliyeiharibu nyama yake.

Daktari Mwende akaja chumbani kwetu na ujumbe huo. Atieno akavua koti la kazi akasema ataenda yeye, yeye ndiye aliyekata. Nitawaambia jambo ambalo hamlijui, hata Atieno hajui. Nilinyamaza. Nilihesabu kichwani kwamba ikiwa ataenda yeye, mambo yatakwisha huko Majengo na hayatarudi kwenye meza yangu. Alikuwa ameshafika mlangoni, mkoba begani, nilipomwambia akae. Sikufanya hivyo kwa wema. Nilimwona jinsi alivyokuwa amenyoosha mgongo kwenda kubeba kosa langu, nikaona haya, na mimi si mtu wa kuona haya ovyo.

Niliondoka na muuguzi wa kliniki. Mama Mwanaidi alikuwa kwenye kibaraza akimenya viazi vya bajia, beseni katikati ya miguu. Muuguzi alimsalimu akaitikia. Nilimsalimu, akaitikia pia, lakini hakunionyesha pa kukaa. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, mnene kidogo, leso yenye maua ya zambarau. Nilikuwa nimeshika maelfu ya slaidi maishani na hii ilikuwa mara yangu ya kwanza kuutazama uso wa mwenye nyama.

"Ni wewe uliyekata?" akauliza.

Nikamwambia hapana, aliyekata ni msichana hodari kuliko nilivyokuwa katika umri wake. Nikamweleza juu ya nyembe mbaya na nyembe nzuri, kwa maneno rahisi, nikitumia viazi vyake kwa mfano. Alielewa upesi. Mtu anayemenya viazi kila siku hahitaji kuelezwa kisu butu hula kiasi gani cha kiazi. Nikamwambia nyembe nzuri zilikuwepo siku ile, na kwamba nilikuwa nimezifungia kwenye droo nikaondoka na ufunguo.

Aliendelea kumenya. Kiazi kizima, kisha kingine.

"Na ulikuwa unamwekea nani?"

Nilitaka kusema kazi ngumu. Nilitaka kusema wagonjwa wenye vipande vidogo, vya mwisho, visivyorudiwa. Nilikuwa nazungumza na mmoja wao. Nikasema sijui, na muuguzi akageuka kutazama ukuta.

Sikuomba msamaha kwa maneno mazuri, sina kipaji hicho. Nilisema tu kwamba nimekosa na kwamba nyembe haziko tena kwenye droo. Akafuta mikono kwenye leso, akamwambia muuguzi, si mimi, kwamba atakuja Jumanne, na kwamba yule msichana aliyekata mwanzo ndiye akate tena, kwa sababu huyo sasa atakuwa na woga. Kisha akamwita binti yake atuletee viti, tukiwa tayari kuondoka.

Jumanne akaja. Jumatano bloku ikawa tayari. Nyembe nzuri zilikuwa juu ya meza ya katikati, wazi, ambako zimekaa tangu asubuhi ile kabla sijaondoka kwenda Majengo, na ambako wembe wowote mzuri utakaowahi kuingia chumba kile unapaswa kukaa. Droo yangu niliitia brashi na vitambaa. Atieno alipoza bloku kwenye barafu, akachukua wembe mwembamba, akapunguza kwa upande wa kushoto, polepole, akasogeza, akazungusha gurudumu mara nane. Nilisimama nyuma yake, nikazuia mikono yangu mfukoni. Utepe ulitoka bila mstari hata mmoja. Hakugeuka kunitazama na hakuhitaji kugeuka.

Bwana Ndirangu aliagiza tena nyembe za zamani mwezi uliofuata, baada ya Daktari Mwende kumpelekea ile slaidi ya kwanza na kuiacha juu ya meza yake bila barua. Kwa hiyo yale maneno yangu yote ya mapengo hayakufanya kitu, kilichofanya ni kioo kimoja chenye nyama iliyoparuliwa. Andikeni hilo mahali, mnaopenda kuandika barua.

Ilikuwa saratani. Mpaka jibu linatoka, zilikuwa zimepita wiki saba tangu ile Ijumaa, na walimtoa titi lote la kushoto. Yuko hai, nashukuru, na bajia bado anauza.

Siku matokeo ya upasuaji yalipofika nilikwenda ofisini kwa Daktari Mwende, nikafunga mlango. Nikamuuliza, kama jibu lingepatikana ile Ijumaa, wangetoa uvimbe peke yake wakamwachia titi lake? Alikuwa na slaidi chini ya hadubini. Aliinua uso, akafikiri sana, kwa kuwa yeye si mtu wa kumfariji mtu kwa uongo.

"Madam," akasema, "hilo haliko kwenye slaidi."

Sijamuuliza mtu mwingine.